Kufufua shamba lililotelekezwa na kufuga kama familia

Shamba likikaa miaka bila mtu, familia inayolirudia hukuta mambo yale yale: kichaka kimefunga njia, uzio umelala, pamechimbika korongo pale palipokuwa na kijia, na zizi limebaki nguzo mbili. Wengi huanza na kinachochukiza macho. Hufyeka kila kitu, hujenga banda zuri, hununua mifugo, kisha mvua zikikatika ndipo hujiuliza wanyama watakula nini. Mwongozo huu unakwenda kinyume chake: maji kwanza, nyasi pili, watu tatu, mifugo mwisho. Idadi ya mifugo haipangwi na ukubwa wa shamba wala na fedha mlizo nazo. Inapangwa na mwezi mbaya kuliko yote katika mwaka wenu, na mikono itakayokuwepo siku hiyo.

Kwa maoni yangu, mwaka wa kwanza unaweza kupita bila mnyama mkubwa hata mmoja. Kusubiri kunachosha, hasa nyumba ikiwa na watoto walioahidiwa mbuzi, lakini mnyama aliyeletwa kabla ya malisho yake hula mbegu ya malisho hayo.

Hatua ya 1: Zungukeni kabla ya kushika panga

Hakikisheni mipaka na hati kwanza. Hilo halihitaji maelezo marefu. Kisha zungukeni shamba zima kwa miguu, familia yote, mara moja ardhi ikiwa kavu na mara moja mvua ikiwa ndiyo kwanza imeanua. Kiangazi kitawaonyesha mahali panapobaki kijani wakati kwingine kote pamekauka. Mvua itawaonyesha maji yanaingilia wapi, yanakimbilia wapi na yanabeba udongo wa nani. Chukueni daftari mchore ramani, hata ikiwa mbaya: mteremko, miti mikubwa, miamba, korongo, mabaki ya majengo.

Katika mzunguko huo tafuteni vitu vinavyoua. Kisima au shimo la zamani lifunikwe na kuzungushiwa uzio siku hiyo hiyo, na mtu yeyote asishuke ndani. Hewa ya chini huweza kuwa haina oksijeni ya kutosha. Anayeshuka huzimia bila onyo, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Betri kuukuu za gari ziondolewe zote, kwa sababu ng'ombe hulamba na kutafuna mabaki yake, na madini ya risasi yaliyomo humuua au kumpofusha. Kusanyeni nyaya, misumari, vioo na mifuko ya plastiki. Ng'ombe hachambui anachokula: msumari ukimezwa hukaa katika tumbo la pili, na kutoka hapo unaweza kutoboa kuelekea moyoni. Nunueni sumaku kubwa, muifunge kwenye kamba, na watoto waiburute pale palipokuwa na zizi na kando ya uzio. Wataipenda kazi hiyo kuliko zote, na itafanyika vizuri kuliko mtu mzima angeifanya.

Chupa na makopo ya viuatilifu yashikwe kwa glavu na yasigeuzwe vyombo vya maji, hata yakioshwa mara kumi.

Jambo moja zaidi ambalo ramani haitawaambia: waulizeni majirani mifugo ya zamani ilikuwa inafia wapi na ilizikwa wapi. Vijidudu vya kimeta hukaa ardhini miongo mingi vikiwa hai. Mkiambiwa kwamba ng'ombe kadhaa walikufa ghafla pahali fulani, msichimbe hapo, msilishe hapo, na mumweleze daktari wa mifugo kabla ya kuleta mnyama wa kwanza ili apange chanjo.

Hatua ya 2: Fungueni udongo muuone

Chimbeni mashimo matatu au manne ya kina cha sentimita 40 katika sehemu tofauti za shamba. Tazameni mizizi. Ikiwa inashuka vizuri kisha yote inageuka na kutambaa pembeni kwenye kina kile kile, kuna tabaka gumu lililoshindiliwa na kwato au trekta, na maji nayo hukwama hapo hapo. Hesabuni nyungunyungu kwenye bonge la udongo mlilolitoa. Wakionekana kadhaa wakati udongo una unyevu, kuna uhai wa kuanzia. Asipoonekana hata mmoja, anzeni kwa matandazo na samadi kabla ya kufikiria mbolea ya dukani.

Kwa kipimo cha maabara, chukueni udongo wa juu, kina cha sentimita 20, kutoka sehemu 15 hadi 20 mkitembea kwa kupindapinda. Rukeni vichuguu, vivuli vya miti mikubwa na mahali palipochomwa takataka. Changanyeni wote kwenye ndoo safi, mpeleke kiasi cha nusu kilo. Jibu linalotakiwa kuliko mengine yote ni la tindikali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, fosforasi hushikwa na udongo usiitoe, na mikunde mingi hudumaa. Chokaa ya kilimo hutangulia mbolea yoyote.

Mahali palipokuwa na zizi pachukulieni sampuli ya pekee. Rutuba ya samadi ya kale hudumu mno, na mara nyingi utapajua kwa nyasi zilizo kijani kuliko za jirani zake. Hapo ndipo pa kuweka kitalu na bustani ya kwanza, si banda jipya.

Hatua ya 3: Yazuieni maji yasikimbie

Kama mna nguvu za kazi moja tu mwaka huu, iwe hii. Shamba lililotelekezwa kwenye mteremko limekuwa likipoteza maji na udongo kila mvua, na hakuna mbegu ya nyasi itakayoshika kwenye ardhi inayooshwa.

Tengenezeni kipimo cha fremu A. Fito mbili za mita mbili zifungwe juu zikutane, miguu iachane, na ufito wa tatu ukatishe katikati. Kutoka kileleni ning'inizeni kamba yenye jiwe. Simamisheni fremu juu ya vigingi viwili, mtie alama pale kamba inapogusa ule ufito wa kukatisha. Geuzeni fremu ili miguu ibadilishane vigingi, mtie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Sasa tembezeni fremu mkikata mteremko: kila mguu unapotua na kamba ikasimama katikati, pigeni kigingi. Mstari wa vigingi utapindapinda kwa namna itakayowashangaza, na jicho litadai kwamba umekosewa. Aminini kamba.

Kwenye mstari huo chimbeni mfereji na kutengeneza tuta. Udongo ukitupwa upande wa juu wa mteremko ni fanya juu, ambayo baada ya muda hugeuka ngazi. Ukitupwa chini ni fanya chini, nyepesi kuchimba. Anzeni kileleni mwa shamba mkishuka. Mkianzia chini, mvua moja kubwa itakuja na nguvu zote za mteremko na kupasua matuta yote kwa pamoja. Juu ya tuta pandeni nyasi za kulisha, kama matete. Mizizi itashika udongo, na majani yatakuwa chakula cha kwanza cha mifugo yenu.

Korongo lisijazwe takataka. Geuzeni maji yanayoingia kichwani mwake, kisha ndani yake mweke vizuizi vifupi vya mawe au matawi, kimoja baada ya kingine, ili udongo ujikusanye wenyewe nyuma yake.

Palipo na kipara kigumu ambapo hata jembe linadunda, kuna njia ya mashimo madogo iitwayo zaï. Yacouba Sawadogo, mkulima wa Burkina Faso, aliiboresha na kufufua ardhi ambayo watu walishaikatia tamaa, na mwaka 2018 akapewa tuzo ya Right Livelihood. Mashimo ya upana wa sentimita 20 hadi 40 na kina cha 10 hadi 20 huchimbwa wakati wa ukavu, kila moja likatiwa samadi. Mchwa huivamia samadi na kutoboa vijia ardhini, na mvua ya kwanza hushukia humo.

Paa nalo lihesabiwe. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60 likipata milimita 500 hutoa lita 30,000, na mkiondoa sehemu moja ya tano inayopotea zinabaki 24,000. Andikeni namba yenu, tutaihitaji.

Hatua ya 4: Kichaka kisifyekwe chote

Msichome moto. Moto hula majani makavu ambayo udongo wenu unayahitaji kama matandazo, na magugu mengi ya kudumu hurudi kabla ya nyasi nzuri.

Kwanza tembeeni mkitafuta visiki vinavyochipua. Kisiki cha mti wa asili kina mizizi iliyokomaa tayari, na chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wowote wa kitalu. Chagueni chipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka kwa kila kisiki, mkate mengine, na kwa yaliyobaki mpogoe matawi ya chini hadi kama nusu ya urefu. Rudini kila baada ya miezi michache. Njia hii, inayojulikana kwa jina la kisiki hai, ilienea Niger kuanzia miaka ya 1980 kupitia kazi ya Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, na miti imerudi kwenye hekta milioni kadhaa bila kupandwa. Ninaitaja kwa sababu familia nyingi hung'oa visiki kwa jasho, halafu hununua miche.

Magugu hayafanani, basi na dawa yake isifanane. Ndago na sangari huchipua kutoka kila kipande kilichobaki ardhini. Kulima kwa trekta ni kuyazidisha. Yafunikeni kwa matandazo mazito au plastiki nyeusi kwa miezi, au mpande mikunde inayotambaa iyanyime mwanga. Lantana, kile kichaka chenye maua ya rangi mchanganyiko, ing'olewe na mizizi wakati udongo umelowa. Ni sumu kwa ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo, na mnyama aliyeila, ngozi yake huungua kwa jua. Wapo wanaoshauri kuwaachia mbuzi wasafishe kichaka. Mbuzi hufanya kazi hiyo vizuri sana, ila lantana itoke kwanza, kwa kuwa mwenye njaa haichagui.

Mtama mchanga, au uliochipua baada ya ukame, nao una sumu ya sianidi. Usubiri ukue zaidi ya kiuno kabla ya kuwalisha.

Hatua ya 5: Nyasi zipumzike

Nyasi ikiliwa huchipua kwa akiba iliyoiweka kwenye shina na mizizi. Ikiliwa tena kabla akiba haijarudi, mizizi hufupika, na baada ya misimu michache nafasi yake huchukuliwa na magugu. Mfaransa André Voisin, mtafiti wa malisho, alilisisitiza hilo katikati ya karne iliyopita: kinachoharibu malisho si wingi wa mifugo tu, ni muda ambao mmea unakaa mbele ya meno.

Gaweni malisho vipande. Idadi yake hupatikana hivi: siku za kupumzika zigawanywe kwa siku za kulisha, mwongeze moja. Mkitaka nyasi zipumzike siku 30 na mifugo ikae siku 3, mnahitaji vipande 11. Mvua zikipungua, mapumziko yaende hadi siku 60 au 90, na hapo ama vipande vinaongezeka ama mifugo inalishwa bandani. Ingizeni mifugo nyasi zikifika kama sentimita 20 hadi 25, mwatoe zikibaki 10. Sentimita hizo 10 zina kazi nyingine: mabuu ya minyoo ya tumbo hukaa zaidi kwenye sentimita tano za chini, kwa hiyo mbuzi asiyelazimishwa kula ardhini humeza minyoo michache.

Changanyeni mikunde kwenye nyasi. Ili kujua kama inafanya kazi, ng'oeni mmea mmoja mpasue vinundu vya mizizini. Vikiwa vya rangi ya waridi ndani, naitrojeni inatengenezwa. Vikiwa vyeupe au kijani, bado.

Hatua ya 6: Hesabu ya mwezi mbaya

Hapa ndipo shamba huamua mifugo, na hapa ndipo watu hupenda kuruka. Mwezi mbaya unaweza kuwa wa ukame au wa baridi kali. Hesabu ni ile ile. Tuseme kuna siku 120 ambazo nyasi hazikui.

Mbuzi wa kilo 35 hula kiasi cha asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake kwa siku, ikihesabiwa chakula kikavu, yaani kama kilo 1.2. Mbuzi kumi kwa siku 120 ni kilo 1,440. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400, kwa asilimia 3, hula kilo 12 kwa siku, na kwa siku 120 ni kilo 1,440 vile vile. Ng'ombe mmoja, mbuzi kumi. Ongezeni kinachooza, kinachokanyagwa na unyevu uliobaki kwenye nyasi zilizokaushwa, muweke tani mbili za akiba. Kama mnategemea matete mabichi, kumbukeni kwamba sehemu kubwa ni maji: kilo 12 za ukavu ni kilo 60 hadi 80 mbichi kila siku, na kuna mtu wa kuzikata na kuzibeba.

Maji nayo yahesabiwe hivyo. Ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku. Chukueni 80, na siku 120 zinadai lita 9,600. Mbuzi kumi kwa lita 6 kila mmoja wanadai 7,200. Linganisheni na namba ya paa.

Sasa nendeni ghalani. Hei, yaani nyasi za kukaushwa, hukatwa zikianza kutoa maua, hukaushwa siku mbili tatu na kugeuzwa, kisha hufungwa zikiwa zinavunjika mkononi. Zikifungwa mbichi huvunda, na rundo kubwa linaweza kupata joto hadi kuwaka lenyewe. Saileji ya mahindi, yaani malisho mabichi yaliyovundikwa bila hewa, hukatwa punje zikiwa kama unga uliokandwa, hukatwakatwa vipande vya sentimita mbili tatu, hushindiliwa hewa itoke na kufunikwa isiingie. Huiva baada ya wiki chache na hukaa muda mrefu ikiwa haijafunguliwa. Mwaka wa kwanza wekeni akiba hata kama hamna wa kuila. Mtakuwa mmejifunza ni kiasi gani shamba lenu linatoa kweli, si kiasi ambacho kitabu kinasema.

Hatua ya 7: Kikao cha familia

Mazao husamehe siku mbili za uvivu; mnyama hapana. Anataka maji leo, na kukamuliwa jioni hata kukiwa na homa, mtihani au msiba. Kaeni chini wote, pamoja na watoto wenye umri wa kuelewa, mwandike kila kazi na saa yake: kufungulia kuku, maji, kukata majani, kukamua, kusafisha, kufunga mlango usiku. Kando ya kila kazi yawepo majina mawili, la mwenye kazi na la anayemshikia. Kazi yenye jina moja ni kazi itakayokosa mtu.

Kisha fikirieni siku ngumu kuliko zote, ile ambayo wawili wamesafiri na mmoja anaumwa. Aliyebaki ataweza kunywesha, kulisha na kufungia wanyama wangapi kwa saa mbili? Namba hiyo muilinganishe na ile ya ghala na ile ya maji, mchukue iliyo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo mifugo yenu. Mara nyingi ni mikono inayopungua kabla ya nyasi, na ni jambo ambalo baba wa nyumba mwenye shauku hachelewi kulisahau.

Fedha izungumzwe kabla ya mauzo ya kwanza. Nani anauza, nani anaulizwa, kiasi gani kinarudi kwenye dawa na chakula, kiasi gani kinagawanywa. Mara nyingi anayekamua na kukata majani si anayepokea fedha, na nyumba za namna hiyo hupoteza mfanyakazi wao bora kimya kimya. Ataendelea kuamka alfajiri, lakini hatasema tena kwamba ndama amekohoa. Mtoto akipewa mbuzi awe wake kweli, mpaka siku ya kuuzwa. Ukimwita wake mwezi wa kwanza na wa baba mwezi wa kumi, hutampata tena bandani kwa hiari.

Watoto wana kazi zinazowafaa: kuokota mayai, kuhesabu jioni, kumwagia vifaranga maji, kuandika. Wakae mbali na dume lolote, na jike aliyezaa karibuni, na mashine ya kukatakata majani, na dawa ya kuogeshea. Bibi na babu wapewe kazi ya kutazama, na si kwa heshima tu. Mtu anayekaa kivulini akiangalia kundi asubuhi nzima ndiye anayegundua mbuzi asiyecheua.

Daftari moja litundikwe bandani na kalamu ifungwe kwa uzi: waliozaliwa, waliokufa na sababu, chanjo, dawa na tarehe, maziwa, mayai, mauzo. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Hatua ya 8: Kuku waje kwanza

Kuku huwafundisha ninyi kabla ya kuwaletea faida. Kosa kwa kuku hugharimu kidogo, na kama majina mawili kwenye ratiba ni ya kweli mtalijua ndani ya wiki chache.

Banda liwe na nafasi ya kuku wanne au watano kwa mita ya mraba, hewa ipite juu, na wavu wenye matundu madogo kuliko mkono wa kicheche. Kiota kimoja kinatosha kuku wanne au watano. Vifaranga wasio na mama wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 wiki ya kwanza, likipunguzwa nyuzi kama tatu kila wiki. Msitegemee kipimajoto peke yake: wakirundikana chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia ukutani wanaungua, wakitawanyika wakila ni sawa.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kufagia kundi zima ambalo halijachanjwa. Chanjo ya matone ya jicho hutolewa kwa kuku wasio wagonjwa na kurudiwa kila miezi mitatu au minne kulingana na aina yake. Ikitolewa kuku wakiwa wameshaugua haiwaponyi.

Hatua ya 9: Mbuzi, na jinsi ya kumkagua

Malisho yakishapita msimu mzima na ghala likiwa na kitu, leteni mbuzi majike watatu au wanne. Wachache wa mwanzo wawe bora, kwa kuwa kundi lote litatoka kwao.

Siku ya kununua fungueni mdomo. Meno mawili makubwa mbele yanaonyesha mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, manne kama miwili, sita kama mitatu, manane kama minne. Tazameni upande wa ndani wa kope la chini: liwe jekundu au la waridi. Jeupe ni upungufu wa damu, mara nyingi kwa mnyoo anayenyonya damu tumboni. Mkia na mapaja yawe safi bila kuhara, kwato ziwe sawa, kiwele kiwe laini bila vivimbe. Mfanyeni atembee. Muuzaji asiyetaka atembee amewajibu.

Mgeni akae peke yake siku 30, akihudumiwa baada ya wenyeji, si kabla yao.

Banda la sakafu iliyoinuliwa mita moja hivi, yenye mbao zilizoachana sentimita moja na nusu, huwaweka wakavu na kuangusha samadi mahali pa kuzolewa. Mimba ni siku 150 hivi. Jike apandishwe akifikia theluthi mbili ya uzito wa jike aliyekomaa wa aina yake, si kwa kuhesabu miezi. Beberu abadilishwe kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa. Kwa kundi dogo ni nafuu kuazima au kubadilishana na mfugaji mwingine mwenye wanyama wenye afya.

Hatua ya 10: Magonjwa, kwa ufupi na bila masihara

Ratiba ya chanjo aitoe daktari wa mifugo wa eneo lenu, kwa sababu magonjwa hutofautiana. Mambo machache hayabadiliki popote.

Msiwape wote dawa ya minyoo kwa mpigo kila mara. Minyoo inayobaki ni ile iliyoshinda dawa. Kagueni kope kila wiki mbili msimu wa mvua, mmtibu aliyepauka. Kipimo kifuate uzito. Kama hamna mizani ya ng'ombe, pimeni mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele na urefu kutoka begani hadi nyongani, kwa sentimita. Zidisheni mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, mgawanye kwa 10,840. Kifua cha 150 na urefu wa 130 ni karibu kilo 270.

Siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa ziheshimiwe kabla ya kunywa maziwa, kula mayai au kuchinja. Maziwa yachemshwe. Anayezalisha mnyama avae glavu, na mjamzito asikaribie mimba iliyotoka wala kondo la nyuma. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu isiyoganda ikitoka puani au nyuma asichunwe wala kupasuliwa. Zungushieni eneo, mzuie mbwa, mwite wataalamu.

Hatua ya 11: Ng'ombe, mkifika hapo

Wapo ambao hawahitaji kufika, na mbuzi wanane waliotunzwa vizuri wana nafuu kuliko ng'ombe mwenye njaa. Mkiamua, nunueni mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mwenye mimba ya miezi mitano au sita. Safari katika wiki za mwisho ni hatari, na miezi mitatu iliyobaki humpa nafasi ya kuwazoea. Anayekuja kumkamua aanze siku ya kwanza kumgusa kiwele akiwa anakula, na yule wa jina la pili naye afanye hivyo, maana ng'ombe aliyezoea mkono mmoja huzuia maziwa kwa mkono mwingine.

Mimba huchukua siku 283 hivi, kwa hiyo tarehe ya kupandwa iandikwe. Ndama akizaliwa, kitovu kichovywe kwenye ayodini, na apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, ndani ya saa sita za kwanza, kiasi cha asilimia 5 ya uzito wake, kisha tena kiasi hicho kabla siku haijaisha. Kinga yake ya miezi ya mwanzo imo humo, na utumbo wake huacha kuipitisha kadiri saa zinavyokwenda. Ikiwa amezaliwa usiku, aamshwe mwenye zamu, na maziwa ya siku hiyo yasiuzwe hata lita moja mpaka ndama ameshiba.